Brakiaria: nyasi ya Afrika iliyofunika Brazili kwa mashina machache

*Malisho ya mamilioni ya ng'ombe wa Amerika ya Kusini yametokana na mimea michache iliyochukuliwa Afrika. Utofauti wenyewe wa vinasaba umebaki huku, kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, bila mlinzi.*

Mwishoni mwa miaka ya 1990, malisho ya jimbo la Acre, pembezoni mwa Amazoni nchini Brazili, yalianza kufa wakati wa mvua. Majani yaligeuka manjano, kisha yakakauka mabaka mabaka kama yaliyopigwa na jua la kiangazi, ilhali udongo chini yake umelowa chepechepe. Hali hiyo ilijitokeza pia Pará, Rondônia na kaskazini mwa Mato Grosso, na ikaitwa kifo cha marandu.

Sababu ya karibu ilijulikana. Udongo mzito ulituamisha maji, mizizi ikakosa hewa, na kuvu wa udongoni wakapata mlango. Lakini udongo wa namna hiyo ulikuwapo Amazoni siku zote. Jambo geni lilikuwa mmea ulioota juu yake: mashamba yaliyopakana, wilaya baada ya wilaya, yalikuwa na shina lilelile moja lililojirudia. Kilichouangusha mmea mmoja kiliweza kuiangusha yote.

Shina hilo ni Marandu, aina ya nyasi ya brakiaria iliyotolewa kwa wafugaji na shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, Embrapa, mwaka 1984. Kwa Kiguarani jina hilo maana yake ni habari mpya. Mmea wenyewe haukuwa mpya: ulifika Brazili katika miaka ya 1960 kutoka kituo cha utafiti wa malisho cha Marondera, nchini Zimbabwe. Leo unafunika makumi ya mamilioni ya hekta katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 200.

Mbegu isiyo na baba

Msomaji atauliza jinsi shamba lililopandwa kwa mbegu linavyoweza kuwa mmea mmoja. Mahindi hayako hivyo, wala mtama. Chavua ya jirani hupeperushwa, huchanganya, na kila punje hutoka na sura yake.

Brakiaria nyingi zimeachana na utaratibu huo. Ndani ya ua, yai hukua likiwa na kromosomu zote za mama, na kiinitete huanza bila kurutubishwa. Chavua bado inahitajika, lakini kazi yake huishia kwenye kutengeneza akiba ya chakula ya mbegu. Katika kiinitete chenyewe baba hana mchango. Wataalamu huiita njia hii apomiksi. Mbegu inayotokea huota mmea ambao ni nakala kamili ya mama, na wajukuu na vitukuu huwa nakala vilevile.

Kwa mfugaji, hii ni neema kubwa. Akipata mmea mzuri, mbegu zake hazitamsaliti. Hata chotara hubaki chotara kizazi hadi kizazi, tofauti na mahindi chotara ambayo hupoteza nguvu yakipandwa tena. Hatari yake ni hiyohiyo ikigeuzwa upande wa pili: udhaifu wa mama nao hunakiliwa bila kupungua, kwenye kila hekta.

> Mbegu ya brakiaria huota nakala kamili ya mama yake. Uzuri wa mama hunakiliwa, na udhaifu wake pia.

Kwao ni wapi

Jenasi ya brakiaria, ambayo wataalamu wengi wa mimea sasa wanaiweka chini ya jina la Urochloa, ina spishi zipatazo 100, na nyingi kati yake asili yake ni Afrika. Nne ndizo zilizoingia katika biashara ya malisho: brizanta, dekumbensi, humidikola na ruzizi. Zote ni za bara hili, na ukanda wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu ni miongoni mwa maeneo ambako aina zake za porini hukutana kwa wingi.

Brizanta ndiyo iliyosambaa zaidi. Huota katika nyika na mapori yenye miti iliyotawanyika, kingo za misitu na kando ya njia, kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kushuka hadi kusini mwa bara. Dekumbensi ni ya nyanda za juu za Maziwa Makuu. Humidikola hupenda mabonde yanayotuamisha maji, mashariki na kusini mashariki mwa bara. Ruzizi, ambayo kisayansi huitwa Urochloa ruziziensis, imepewa jina la bonde la Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika ukipita kati ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Ramani hiyo haitoshi kueleza utofauti wake, kwa maana tofauti kubwa imefichwa ndani ya seli. Ruzizi ina kromosomu 18, yaani seti mbili, na huzaana kwa kuchavushwa. Kila mche una sura yake. Brizanta na dekumbensi kwa kawaida zina seti nne, kromosomu 36, na huzaana kwa apomiksi. Baadhi ya brizanta zina seti tano, jumla 45. Humidikola hufuata hesabu yake nyingine, inayojengwa kwa sita badala ya tisa, na hufika hadi 54.

Katikati ya umati huo wa nakala, kuna mimea michache sana ya brizanta, na baadhi ya dekumbensi, yenye seti mbili, inayozaana kwa kuchavushwa. Katika mkusanyiko wa Embrapa, mimea ya brizanta ya namna hiyo ni adimu mno. Uadimu huo haupunguzi uzito wake. Apomiksi huhifadhi mchanganyiko uliokwisha kupatikana, haitengenezi mpya. Utofauti unaoonekana leo katika nakala hizo huenda ulitokana na nyakati chache ambapo mmea wenye uzazi wa kawaida ulikutana na chavua ya jirani mwenye apomiksi, ukazaa kitu kipya, na kitu hicho kikaanza kujinakili.

Ndiyo maana sura ya utofauti wa nyasi hii haifanani na ya mimea mingi. Kwa kawaida, mimea iliyo karibu huwa na undugu wa karibu, na kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo undugu unavyopungua. Uchunguzi wa DNA wa mkusanyiko wa brizanta wa Embrapa, uliochapishwa mwaka 2011, ulipata makundi ya kijenetiki yasiyofuata vizuri ramani ya mahali mimea ilikotoka. Mmea wa Ethiopia unaweza kuwa na undugu zaidi na wa kusini kuliko na jirani yake. Nakala moja inaweza kusafiri mbali bila kubadilika, na kando ya barabara moja nakala mbili zisizo na undugu wa karibu zikaota ubavu kwa ubavu.

Kwa mtunza mbegu, maana yake ni nzito. Hawezi kuchota konzi moja kila nchi akaamini amepata sura ya nchi hiyo.

Safari ya kuvuka bahari

Nyasi za Afrika zilianza kuvuka Atlantiki mapema. Mwanajiografia James Parsons, katika makala yake ya mwaka 1972 kuhusu kuenea kwa nyasi hizo katika Amerika ya kitropiki, alieleza jinsi baadhi zilivyofika na meli za watumwa, zikiwa zimetandikwa chini kama malalo. Nyasi ya Pará, ndugu wa brakiaria, ni miongoni mwa zinazohusishwa na safari hizo za mateso.

Safari za brakiaria za baadaye zilikuwa za kiofisi. Mwaka 1930 mbegu za dekumbensi zilitumwa kutoka Uganda kwenda Australia. Huko zilikuzwa, zikapewa jina Basilisk, na kutoka Australia mbegu hizo ziliingia Brazili kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, wakati serikali ilipokuwa ikifungua nyika za Cerrado kwa ufugaji. Udongo wa Cerrado una tindikali na aluminiamu nyingi, na rutuba yake ni haba. Basilisk haikujali. Ilistawi pale nyasi nyingine zilipodumaa.

Kisha wakaja wadudu. Makinda yao hukaa shinani ndani ya povu jeupe kama mate. Wakubwa hufyonza utomvu wa jani na kuacha sumu inayolikausha. Ni wadudu wa Amerika, na Basilisk haikuwa na kinga yoyote dhidi yao. Malisho makubwa yaliungua yakiwa mabichi.

Marandu ilipendwa hasa kwa sababu ilistahimili wadudu hao. Jambo hili linastahili kutafakariwa: wazazi wa Marandu, katika nyika za Zimbabwe, hawakuwahi kukutana na mdudu huyo hata siku moja. Kinga ilikuwamo tu, sehemu ya hazina ambayo mmea wa porini hubeba bila kujua itatumika lini. Dekumbensi ya Uganda haikuwa nayo. Brizanta ya Zimbabwe ilikuwa nayo. Hakuna aliyeweza kulibashiri hilo kwa kuangalia majani.

Kwa hiyo Brazili iliondoka kwenye shina moja ikahamia jingine. Udhaifu wa Marandu ulijitokeza baadaye, katika udongo wenye maji wa Acre, na tena mbele ya mdudu mwingine wa jamii ileile ya wanaotoa povu, ambaye kinga ya Marandu haikumzuia.

Miaka miwili ya kukusanya

Mkusanyiko mkubwa unaotegemewa na watafiti duniani ulipatikana ndani ya muda mfupi. Mwaka 1984 na 1985, kituo cha kimataifa cha kilimo cha kitropiki cha Kolombia, CIAT, kikishirikiana na kituo cha mifugo kilichokuwa Addis Ababa, ILCA, na taasisi za nchi husika, kilipita Ethiopia, Kenya, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zimbabwe. Zilipatikana sampuli zipatazo 800 za spishi mbalimbali za brakiaria.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mbegu za nyasi za porini haziivi pamoja, na zikiiva hupukutika mara moja; anayefika wiki moja baadaye hukuta masuke matupu. Mimea mingi ilibidi ing'olewe na vishina vyake kuoteshwa kwingine. Sehemu ya mkusanyiko ilipelekwa Brazili ikiwa vipande vya tishu ndani ya chupa za maabara.

Matunda yake yalionekana baada ya miaka mingi ya majaribio. Mmea uliochukuliwa Burundi ukawa aina iitwayo Toledo huko Amerika ya Kati na Xaraés nchini Brazili. Mwingine, kutoka magharibi mwa Ethiopia, ukawa Piatã. Hii haikuwa mimea iliyotengenezwa maabara. Ilikuwa nyasi ya porini iliyochaguliwa, ikakuzwa na kupewa jina.

Humidikola nayo ilitoa jambo ambalo halikuwa likitafutwa. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Japani ya JIRCAS na wenzao wa CIAT walitangaza kwamba mizizi yake hutoa kemikali waliyoiita brakialaktoni, inayowazuia bakteria wa udongoni kugeuza amonia kuwa naitreti. Mbolea hudumu zaidi ardhini, haichukuliwi na maji haraka, na gesi ya naitrasi oksaidi inayochangia joto la dunia hupungua. Uwezo huu haulingani katika mimea yote ya humidikola. Sampuli moja inao kwa nguvu, nyingine kwa udhaifu, na ulinganisho wenyewe uliwezekana kwa sababu sampuli nyingi zilikuwa zimehifadhiwa.

> Sampuli zipatazo 800 zilikusanywa katika nchi sita, 1984 na 1985. Uganda na Kongo hazikuwa katika safari hiyo.

Ndoa iliyopatikana Ubelgiji

Kuchagua kuna mwisho wake. Ili kuunganisha kinga ya brizanta na ustahimilivu wa dekumbensi, lazima mimea ichavushane, na mimea yenye apomiksi haikubali kuwa mama wa mchanganyiko. Inaweza kuwa baba tu. Ruzizi ingefaa kuwa mama, lakini seti zake mbili za kromosomu hazipatani na seti nne za wenzake.

Suluhisho lilitoka Louvain, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti waliitibu ruzizi kwa kolkisini, sumu ya mmea inayozuia seli kugawanyika, wakapata ruzizi yenye seti nne ambayo bado inazaana kwa kuchavushwa. Juu ya mimea hiyo michache zilijengwa programu zote mbili kubwa: ile ya Campo Grande, Brazili, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Cacilda Borges do Valle wa Embrapa, na ile ya CIAT iliyoongozwa na John Miles. Kati ya machotara yaliyopatikana, Mulato ilitolewa mwaka 2001, na Mulato II mwaka 2005.

Kurudi nyumbani

Wakati huohuo, wafugaji wa maziwa wa Kenya na Uganda walikuwa na msiba wao. Majani ya tembo, au nepia, ambayo ndiyo tegemeo la ng'ombe wa zizini, yalikumbwa na magonjwa mawili. Katika Kenya ya kati ulikuwa ukungu mweusi unaoshambulia masuke. Magharibi mwa Kenya na Uganda ulikuwa udumavu, unaogeuza majani kuwa madogo na ya manjano. Nepia hupandwa kwa pingili, kwa hiyo nayo ni nakala, na ugonjwa husafiri ndani ya pingili yenyewe kutoka kwa jirani hadi kwa jirani.

Katika miaka ya 2010, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, na kituo cha sayansi ya bayolojia cha BecA-ILRI jijini Nairobi walianza kujaribu brakiaria zilizorudi kutoka Amerika. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe nacho kiliiingiza Mulato II katika kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo wa funza wa mabua, na brakiaria hupandwa pembezoni ili kumvutia akatage huko.

Hapo wadudu wa nyumbani wakajitokeza. Utitiri wa asili ya Afrika, ambao Amerika hawakuwapo wakati mimea hiyo ilipochaguliwa, walishambulia majani hadi yakapauka, na Mulato II ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Watafiti wa icipe walipopima aina mbalimbali walikuta baadhi zikistahimili, Xaraés na Piatã zikiwamo. Zote mbili ni mimea ya porini ya ukanda huu iliyozunguka dunia bila kubadilishwa vinasaba.

Nani mwenye nyasi

Hapa ndipo pande zinapotofautiana. Upande mmoja unasema Brazili na Kolombia zimetumia miongo kadhaa ya kazi na fedha kuitambua thamani iliyokuwa imelala kando ya barabara, na kwamba benki za mbegu za CIAT na ILRI, mrithi wa ILCA, huwapa watafiti wa Afrika sampuli wakiziomba. Hayo ni kweli. Bila benki hizo Xaraés isingerudi.

Upande wa pili unauliza nchi zilikotoka nyasi hizo zilipata nini. Mkusanyo ulifanyika kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, uliozipa nchi mamlaka juu ya rasilimali zao za kijenetiki, na kabla ya Itifaki ya Nagoya ya 2010 kuhusu mgawanyo wa manufaa. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea wa 2001 ulikuja na orodha ya mazao ya kubadilishana kwa masharti ya pamoja; nyasi chache za malisho zimo, lakini brakiaria haikuwekwa. Na mfugaji wa Kenya akitaka mbegu ya chotara yenye asili ya bonde la Ruzizi, hununua pakiti kutoka ng'ambo.

Apomiksi inaongeza uzito wa swali hili. Mbegu aliyoivuna mfugaji mwenyewe ni nzuri sawa na ya dukani, na kishina alichompa jirani ni mmea uleule. Kinachoweza kumzuia kugawa ni sheria ya kulinda aina mpya za mimea, na Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa muungano wa kimataifa wa ulinzi huo, UPOV. Kwa mmea unaojinakili wenyewe, sheria inayofaa kwa mahindi inamwangukia mfugaji mdogo kwa uzito usio wa haki.

Brazili nayo ina malalamiko ya upande mwingine. Katika hifadhi za Cerrado, dekumbensi imetoka malishoni na kuingia porini, ikasonga nyasi za asili na kuzidisha ukali wa moto. Wahifadhi wa huko wanaiita mvamizi.

Kinachobaki porini

Ubishi huu wote unahusu mimea ambayo tayari iko benki. Iliyobaki nje haina msemaji. Nyasi ya porini haipati ulinzi wa mti wa mbao wala wa ndovu. Barabara ikipanuliwa, kingo hulimwa, na nakala iliyokuwa hapo kwa karne nyingi huondoka bila kuandikwa popote. Kwa kuwa utofauti wa brizanta haufuati ramani, hakuna hakika kwamba kilomita 20 mbele kuna mmea unaofanana nayo.

Kukusanya upya sasa kunahitaji vibali na makubaliano ya manufaa kwa kila nchi. Hilo ni haki, na haki hiyo ilichelewa. Lakini serikali za ukanda huu zinaweza kukusanya zenyewe, ndani ya mipaka yao, kwa benki za mbegu zao, bila kusubiri mgeni. Kipaumbele cha kwanza kingekuwa mimea yenye seti mbili za kromosomu, kwa kuwa inaweza kuwa mama wa kitu kipya.

Na katika mimea hiyo, ruzizi ndiyo iliyo hatarini zaidi kusahaulika. Imeenea eneo dogo kuliko ndugu zake, na sampuli zake katika benki za dunia ni chache. Ruzizi za seti nne zilizotengenezwa Louvain, ambazo ndizo mama wa machotara haya yote, zilitoka kwenye mimea michache tu. Bonde lenyewe, upande wa Kongo na upande wa Burundi, sasa limejaa mpunga, miwa na pamba, na nyasi iliyolibeba jina lake duniani imebaki pembezoni mwa mifereji na kwenye mipaka ya mashamba.